Posa Mbele ya Bodi

Siku tuliyokwenda kuachana, mume wangu ndiye aliyenishikia mkoba. Msajili wa ndoa na talaka, mama mmoja mnene aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, alitutazama tukiingia, akautazama mkoba wangu ukining'inia begani kwa mume wangu, akatuambia wanaofunga ndoa wapitie mlango wa kushoto. Tukamwambia hapana mama, sisi tumekuja kuachana. Akauliza nani kamkosea mwenzake. Tukatazamana. Mume wangu, ambaye hajui kusema uongo kabla hajala, akajibu kwamba hakuna aliyekosa, ni sharti la mwekezaji.

Msajili akavua miwani. Alisema amewahi kuachanisha watu kwa ulevi, kwa wizi, kwa mama wakwe, na mara moja kwa ajili ya mbwa, lakini kwa sharti la mwekezaji hajawahi.

"Nendeni mkakosane kwanza," akatuambia. "Mkishakosana vizuri, rudini."

Ngoja nieleze tulifikaje hapo, maana najua mtu akisikia hivi ananitazama kwa jicho la pembeni.

Mimi na Baba watoto ni mafundi wa majokofu. Yeye ni mtu wa kompresa na gesi, mimi ni mtu wa waya na pasi ya kulehemu. Tulikuwa na karakana yenye chumba kimoja na uwanja wa nyuma uliojaa milango ya majokofu yaliyokufa, na tulikuwa tunakula vizuri. Siku moja alirudi kutoka kwa mwenye duka la dawa wa mtaa wa pili akiwa amenywea. Umeme ulikuwa umekatika mwisho wa juma, jokofu likapata joto, dawa za wagonjwa wa sukari zikaharibika zote, na mwenyewe hakujua mpaka alipofungua duka. Baba watoto akakaa juu ya ndoo, akasema tatizo la jokofu ni kwamba likiugua halina mdomo.

Basi mimi nikalipa mdomo. Nilitengeneza kijisanduku kama kipande cha sabuni: unakiweka ndani ya jokofu, baridi ikipungua kinampigia simu mwenye duka na kulisemea jokofu lake. Nilikitengenezea mezani jikoni, nikakiunguza, nikakitengeneza tena, nikaunguza na kitambaa cha meza. Tukakiita Mdaku, kwa sababu kazi yake ni kupeleka habari za ndani nje. Baba watoto akakizungusha maduka ya dawa na mabucha, akibembeleza, akikaa kwenye mabenchi ya watu, akisikiliza habari za magoti yao. Hiyo kazi mimi siiwezi. Mtu akinikatalia mara mbili, ya tatu namwambia ninavyomwona.

Mdaku akapendwa. Wakataka wengi kuliko mikono yangu ilivyoweza kutengeneza, ndipo mtu akatuelekeza kwenye Ofisi ya Kuendeleza Kampuni Changa.

Hiyo ofisi iko ghorofani, na ndani hakuna kiti cha miguu minne. Kuna magunia laini ya rangi rangi. Ukishakaa huinuki mpaka mtu akushike mkono. Humo tulipewa mlezi. Kila kampuni changa inapewa mlezi, hata kama waanzilishi wake wana mvi. Mlezi wetu alikuwa kapera wa makamo, mwenye tai fupi na moyo mzuri, na ndiye aliyetufafanulia utaratibu. Serikali inatoa kiasi kilekile anachotoa mwekezaji binafsi. Mwekezaji akitoa nyingi, serikali inatoa nyingi. Mwekezaji asipotoa kitu, serikali nayo haibaki nyuma, inatoa kiasi kilekile.

Nikamuuliza kama hatumpati mwekezaji, yeye mlezi kazi yake ni nini. Akajifuta jasho. Akatuonyesha kitabu cha taarifa ya mwaka, na humo ndani, ukurasa mzima, mimi na mume wangu tumesimama mbele ya jokofu tukicheka, na chini yetu imeandikwa kuwa sisi ni miongoni mwa kampuni zilizofanikiwa. Waziri alikuwa ameshaisoma mbele ya watu.

"Tumeshawahesabu," akasema mlezi kwa sauti ya chini. "Sasa lazima mfanikiwe."

Mwekezaji mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema, kwa sababu katika hadithi hii wengi mtapenda kumchukia. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi, na ofisi yake ilikuwa ya vioo kila upande hata ukijikuna unaonekana na jengo zima. Alimweka Mdaku kwenye jokofu lake mwenyewe, akaacha mlango wazi, simu ikalia mfukoni mwake, akacheka kama mtoto. Akasema anawekeza. Kisha, kwa kutupitishia wakati tu, akatuuliza tulikutana wapi. Baba watoto akatabasamu, akasema shangazi yake ndiye aliyekwenda kuniposa.

Uso wa mwekezaji ukabadilika. Alituambia kwa adabu zote kwamba aliwahi kuweka fedha kwa mke na mume, wakagombana juu ya rangi ya pazia, kampuni nzuri ikafa pamoja na wafanyakazi wake wote. Tangu siku hiyo akajiwekea sharti.

"Mimi siwekezi kwenye ndoa," akasema. "Nawekeza kwa watu wasio na kitu cha kugombania."

Tulirudi kwa mlezi tumeshika vichwa. Mlezi hakushika kichwa. Alikuwa na kitabu cha taarifa mezani kikimtazama. Akasema dawa ipo. Tuachane, tutie sahihi mkataba, fedha ziingie, halafu tuoane tena kimyakimya. Baba watoto akasema si vibaya, ni karatasi tu. Na mimi nisijitie utakatifu hapa: nilitaka. Nilikuwa nimechoka kulehemu kwenye meza ya kulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tukainama.

Basi msajili alipotufukuza, tukarudi karakana kukosana.

Jamani, kukosana kwa miadi si kazi nyepesi. Nilianza mimi, nikamwambia anakoroma. Akasema ni kweli, pole. Nikamwambia hapo hutakiwi kuomba radhi, unatakiwa ukatae. Akajikaza, akasema chai yangu ina sukari nyingi, kisha akaongeza kwamba ameshaizoea na sasa chai ya watu wengine anaiona maji. Tukacheka. Tulicheka mpaka mteja aliyeleta friji la vinywaji akasimama mlangoni asijue kama aingie.

Mteja alipoondoka nikasema tuwe na akili, msajili anafunga ofisi saa kumi. Nikatafuta kichwani jambo lolote la kumchoma, na nililolipata nikalitoa kama mchezo: kwamba kila mahali anasema mashine yetu, mashine yetu, wakati mashine niliitengeneza mimi, na yeye hajui hata waya mwekundu unakwenda wapi. Nililitoa kama mchezo, lakini lilipotua halikuwa mchezo. Aliweka chini bisibisi. Akaniuliza ningemuuzia nani, mimi ambaye kila mteja namwona mjinga. Akasema bila yeye Mdaku angekuwa anapiga simu humo humo jikoni mpaka leo.

Hakuna aliyecheka tena. Kila mmoja wetu alikuwa ametoa neno alilolilaza chini ya godoro miaka mingi, na sasa lilikuwa limekaa katikati ya karakana kama mgeni asiyeaga. Tukatembea hadi kwa msajili bila kusemezana, mkoba safari hii nimeubeba mwenyewe. Yule mama alitutazama mara moja tu, akachukua muhuri.

Shangazi alipopata habari alikuja na mtandio wake wa safari. Huyu ndiye shangazi wa mume wangu aliyeniposa, na ndoa yetu anaihesabu miongoni mwa kazi za mikono yake. Alikaa, akakataa maji, akamsikiliza mpwa wake akieleza habari za hisa na mifuko mwanzo hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, kama huyo mwekezaji yeye ana mke. Tukamwambia hana. Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata alichokuwa anakitafuta, akasema usiache mbachao kwa msala upitao, akaondoka.

Kwa kuwa mwekezaji alikuwa na kawaida ya kutembelea kampuni zake bila taarifa, Baba watoto alihamia karakana, akatandika godoro kati ya majokofu. Na mlezi, kwa fedha za umma, akaanza kutufundisha kutooana.

Lilikuwa somo kamili, lenye picha ukutani. Nisimwondolee uzi kwenye kola. Nisile kwenye sahani yake. Asimalizie sentensi zangu. Asiniite Mama watoto, aniite mwanzilishi mwenzangu. Na mtu akikohoa, mwenzake asigeuke, kwa sababu watu wa ofisi moja mtu akikohoa hawageuki. Hapo kwenye kukohoa nilifeli kila mara. Mume wangu ana kifua kibovu tangu utoto, na shingo yangu imeshajifunza, inageuka yenyewe. Mlezi akasema tutalirudia. Baba watoto yeye alielewa upesi; mlezi alimsifu, akasema ana kipaji.

Tukampelekea mwekezaji karatasi ya talaka, tukatia sahihi. Tukapigwa picha tumeshika hundi ya boksi kubwa kama mlango. Mwekezaji akatoa, serikali ikatoa kiasi kilekile, tukakodi chumba chenye madirisha na kuajiri mafundi, na kwa mara ya kwanza meza yangu ya jikoni ikawa ya kulia chakula. Usiku wa kwanza wa meza kuwa tupu, nyumba ikiwa kimya, nikausoma mkataba wote.

Humo ndani palikuwa na kifungu kinachosema waanzilishi hawataoana wala kuishi nyumba moja kwa muda wote ambao mwekezaji ana hisa, isipokuwa kwa idhini ya bodi. Na palikuwa na kingine: mwanzilishi atakayejiondoa kabla ya muda uliowekwa anaacha hisa zake zote, haondoki hata na moja. Asubuhi nilimpelekea Baba watoto karakana. Alikuwa anapiga pasi shati kwa ajili ya mkutano. Akasema nisiwe na wasiwasi, ni karatasi tu, tutaiomba bodi.

Lakini hakuiomba. Kwanza tungoje maduka mapya yaingie. Halafu tungoje kongamano lipite. Halafu serikali itoe awamu ya pili. Wakati huo alikuwa amepewa kitambulisho cha kuvaa shingoni kilichoandikwa Mwanzilishi Mkuu, na anakaribishwa kwenye majukwaa kuzungumza, na kwa kweli anazungumza vizuri, watu wanamsikiliza. Wateja waliokuwa wakimpigia mluzi toka barabarani wakaanza kumwita Mkurugenzi. Nilimwona anavyonyooka akiitwa hivyo. Simlaumu, mtu aliyeinama nyuma ya majokofu maisha yake yote, mgongo una haki ya kunyooka. Ila nilianza kuogopa. Niliogopa kwamba siku moja nitamuuliza habari ya bodi, naye atakuwa amesahau ninazungumzia nini.

Jumapili moja akaja kuwaona watoto. Nilikuwa jikoni. Miaka yote huyu mtu alikuwa akifika langoni anapaza sauti kuuliza kuna nini cha kula, mpaka majirani wanajua tunachopika. Siku hiyo nikasikia, "Hodi."

Mlangoni kwake. Hodi, kama msoma mita.

Binti yetu akamfungulia, akamwambia karibu, akamwonyesha kiti. Hakuwa anamtania, ndivyo tulivyomfundisha kupokea wageni. Baba watoto akakaa kwenye ncha ya kiti, akanywa maji, akauliza shule inaendeleaje, na katikati ya maneno akakohoa. Mimi nikaendelea kukata vitunguu. Nilimaliza kitunguu kizima ndipo nikatambua kwamba sikugeuka. Nilikuwa nimefaulu. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia na wala sikuweza kusingizia vitunguu, maana nilikuwa nimeviacha mezani.

Siku ya pili yake nikamfuata Shangazi.

Shangazi alisikiliza, akauliza sasa mwenye kauli juu yangu ni nani. Nikamwambia kwa mujibu wa mkataba ni bodi, na bodi ni watu watatu: mimi, Baba watoto na mwekezaji. Akasema basi mambo ni rahisi, wawili kati yao ni bibi na bwana harusi, anayebaki ndiye wa kupelekewa posa. Akavaa nguo zake nzuri, akapanda lifti kwa mara ya kwanza maishani mwake huku ameshika ukuta, akaingia kwenye zile ofisi za vioo na kumwambia mwekezaji kwamba amekuja kwake kwa heri, kuna kijana wake ameona ua katika bustani hii.

Mwekezaji alidhani ni kampuni ya maua. Alimkaribisha kahawa, akamuuliza ameanza lini na ana washindani wangapi. Walikwenda hivyo kwa muda, kila mmoja akimwona mwenzake ana adabu. Walipoelewana, Shangazi akamsimulia ndoa yetu yote toka siku alipoipeleka posa ya kwanza, na mwekezaji, kwa maelezo ya Shangazi, alisikiliza mpaka kahawa yake ikapoa. Mwisho akasema yeye binafsi hana kinyongo, lakini hawezi kujibu peke yake. Ombi lipitie kwenye kikao. Likaingizwa kama ajenda ya saba, baada ya ukaguzi wa hesabu na kabla ya mengineyo. Liliandikwa neno moja: Posa.

Siku ya kikao tulifika wote. Mlezi na Shangazi walibaki chini mapokezi, kwa kuwa si wajumbe. Baba watoto alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kitambulisho chake. Alinisalimia kwa kunipa mkono. Tukapitia ajenda ya kwanza hadi ya sita, na sikumbuki hata moja.

Tulipofika ya saba, mwekezaji akasafisha koo, akasoma kanuni: mjumbe anayeguswa na jambo linalojadiliwa hutoka nje mpaka lipigiwe kura. Jambo lilikuwa linatugusa sote wawili. Tukatoka. Kulikuwa na benchi refu kwenye ujia, tukakaa, yeye ncha hii, mimi ncha ile. Kupitia kioo tulimwona mwekezaji amekaa peke yake kwenye meza ya watu kumi na wawili, akijisomea ajenda kwa sauti. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kisha akainuka, akafungua mlango.

Alisema kuna tatizo la akidi. Ili kikao kiwe kikao ni lazima wawe wajumbe wawili, naye ndani yuko mmoja. Alihitaji mmoja wetu aingie, lakini yeyote atakayeingia anaguswa, na anayeguswa lazima atoke, na akitoka akidi inavunjika. Akampigia simu mwanasheria wake. Mwanasheria akampa njia moja, mwekezaji akaiandika palepale na kuichapa, kisha akatuletea ile karatasi pamoja na kalamu, ameishika kwa mikono miwili kama sinia. Mmoja wetu angeweza kuingia na kupiga kura, mradi atie sahihi kwamba jambo hili halimgusi.

Baba watoto alisimama kabla mwekezaji hajamaliza. Akachukua kalamu.

"Naingia, napiga ndiyo, natoka," akaninong'oneza. "Ni karatasi tu."

Nilihisi kitu kikinipanda kifuani, na kwa kawaida kikinipanda hivyo jirani wa tatu anasikia. Safari hii sauti haikutoka kubwa.

"Isome," nikamwambia. "Hujasoma hata moja tangu tuanze. Hii isome, na mimi nisikie."

Akanitazama. Akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wetu, akaanza kusoma: "Mimi ninayetia sahihi hapa chini natamka kwamba ndoa hii ikifungwa au isifungwe, kwangu mimi ni..."

Hapo akasimama. Midomo ilikuwa inajaribu. Neno lililobaki lilikuwa fupi, mtoto wa darasa la kwanza angelisoma. Alirudi mwanzo wa mstari, akafika palepale, akasimama tena. Akamrudishia mwekezaji kalamu, akakaa kwenye benchi, na hakukaa kwenye ncha.

Mwekezaji, mtu wa haki, akanielekezea mimi kalamu. Nikamwambia hata mimi siwezi, na mimi ndiye mwenye hasira kati yetu. Basi akasema, kwa huzuni ya kweli kabisa, kwamba ajenda hiyo itasogezwa hadi kikao kijacho. Nikamuuliza kikao kijacho kitakuwa na tofauti gani. Akafikiri, akakiri kwamba haoni tofauti. Kwa kanuni zilivyo, tungeweza kuomba kila kikao mpaka tuzeeke, na kila kikao akidi ingekuwa imekaa nje kwenye benchi.

Ndipo Baba watoto akamuuliza swali kwa ile sauti yake ya kumuulizia mteja jokofu limeanza lini kutoa mlio.

"Mtu akiwa si mwanzilishi, bodi ina neno na nani anamwoa?"

Mwekezaji akasema hapana, hapo bodi haimo. Kisha akaelewa, akaweka mkono kifuani. Akamkumbusha kwamba ataacha kila kitu: hisa, kiti, cheo, na muda wenyewe umebaki mdogo, na thamani ya kampuni inapanda, na mtu mwenye akili angengoja. Alimsihi kama ndugu. Mimi sikumsaidia hata mmoja. Nilitaka kumwambia mume wangu asifanye hivyo, na nilitaka kumwambia afanye upesi; nikakaa kimya, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Baba watoto alikishika kitambulisho chake, akakitazama picha.

"Nimependa sana kuitwa Mkurugenzi," akasema. Alikuwa ananiambia mimi. "Sitakudanganya."

"Najua."

"Naitwa mchana kutwa. Halafu nikizima taa kule karakana, sina wa kumwambia kwamba leo nimeitwa Mkurugenzi."

Akakivua. Utepe ulikwama kidogo sikioni, na mimi, mbele ya mwekezaji na mbele ya jengo zima lililokuwa likituona kupitia vioo, nikanyoosha mkono nikautoa. Akaandika barua ya kujiuzulu juu ya paja lake, mistari miwili, akaisoma yote kabla ya kutia sahihi. Kisha akashuka kwa ngazi, maana alisema lifti itamchelewesha kumpa Shangazi habari.

Mimi nikarudi ndani kumalizia kikao, sasa tukiwa wajumbe wawili, akidi kamili. Mwekezaji alikaa, akafungua kompyuta kuandika muhtasari, akaandika mwanzilishi mkuu amejiuzulu, kisha vidole vikasimama. Alisema kanuni zinadai sababu, na serikali nayo itaiuliza. Akaniuliza kama aandike sababu za kiafya.

"Hapana," nikamwambia. "Andika amepata mke."